Kipanga Aliyekwenda Kazini Ameshiba

Nimestaafu. Mmenipa kitenge, saa ya ukutani, na keki ambayo nusu yake ililiwa na watu ambao sijawahi kuwaona kazini. Kisha shefu wetu mpya, mkuu wa kiwanja, kijana mwenye adabu, akaniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kwenye piste ya ndege "kurasa chache za uzoefu". Alisisitiza yawe mambo ya kutia moyo. Nitajaribu. Nikishindwa, angalau keki ilikuwa nzuri.

Kwa wale walioajiriwa juzi, ambao wamesikia kwamba Mama Georgine alianza kazi kama mama wa chai na hawaamini: aminini. Nilifagia biro, yaani ofisi, nikachemsha maji, nikaosha vikombe vya mapiloti ambao hawakuwa na mikono ya kuvisogeza hata hadi mezani. Kiwanja chetu mnakijua, ni kile kile kidogo cha udongo mwekundu nje ya Bunia, chenye ndege mbili na mbuzi wengi. Wakati ule, ng'ambo ya kijito, karibu kabisa na mwanzo wa piste, kulikuwa na mahali pa kuchinjia ng'ombe. Mtu fulani mwenye akili nyingi aliona hapo ndipo panafaa. Kila asubuhi utumbo ulimwagwa nje, na kila asubuhi mwewe walikuja kuula, wakazunguka angani juu ya piste wakisubiri zamu yao.

Mwewe mmoja si kitu ukimwona kwenye nyasi. Akigongana na ndege inayotua, anaingia ndani kupitia kioo, na ndani kuna piloti. Wakubwa wakafanya mikutano. Wakanunua king'ora, mwewe wakakizoea kwa siku tatu. Wakasimamisha sanamu ya mtu iliyovaa koti, mwewe wakapata mahali pazuri pa kukaa. Baada ya kushindwa na kila kitu cha bei rahisi, wakamleta Muzee Driss.

Driss alikuwa Mmoroko, mwanajeshi wa zamani aliyepita Ituri na walinda amani halafu akarudi kama raia. Kwao, alisema, watu wanafuga vipanga tangu babu wa babu. Alishusha sanduku la mbao lenye matundu mbele ya biro, akavaa ga, glavu nene ya ngozi, mkono wa kushoto, akamtoa kipanga jike aliyefunikwa macho kwa kikofia kidogo cha ngozi. Kengele ilikuwa inalia mguuni. Akatutazama wote tuliokuwa pale.

"Nataka mutu moja," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Mukono yake itulie."

Wanaume wa kiwanja, mashujaa wanaofukuza mbuzi kwa mawe, wote walipata shughuli. Mmoja alikumbuka kanisa lake haliruhusu. Wa pili alishikwa na mgongo. Wa tatu alisema ndege mwenye macho yanayofunikwa hivyo ni wa mlozi, na bibi yake alimkataza tangu mtoto. Mimi nilikuwa napita na fagio.

"Weye, mama ya fagio. Unaogopa?"

"Miye naogopa radi tu."

"Basi kuja."

Ndivyo nilivyopata cheo. Mkono wangu ulitulia kwa sababu ulikuwa umebeba trei za vikombe miaka minne, na Driss aliliona hilo kabla yangu. Kipanga aliitwa Lalla, neno la heshima kwao, kama siye tunavyomwita mtu Bibi. Alipokaa kwenye ga mara ya kwanza nilishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Nilimpenda papo hapo. Naliandika hili waziwazi kwa sababu baadaye litawafaa kunielewa, au kunihukumu, mtakavyo.

Mwezi wa kwanza kazi yangu ilikuwa kutembea. Kipanga anapaswa kuzoea watu, pikipiki, kelele, kwa hiyo Driss alinituma sokoni kila asubuhi na Lalla mkononi. Mjaribu siku moja. Wauza kuku walifunika matenga yao kwa vitenge niliponyanyua mguu tu. Mchungaji mmoja alinitolea pepo bila kuniuliza kama ninaye.

"Mama, ile ndeke iko nauzishwa?" waliniuliza.

"Haiko ya kuuzisha. Iko ya kazi."

"Na iko nakula nini?"

"Kuku."

"Kuku! Siye batu tuko nakula sombe bila mafuta, ndeke iko nakula kuku! Ee, Bunia!"

Ukifanya kazi hii, tafuta njia isiyopita kwa wauza sombe, yale majani ya muhogo.

Baada ya sokoni ikaja kamba. Unamfunga kamba ndefu mguuni, unasimama hatua mbili, unapiga filimbi, unaonyesha kipande cha nyama kwenye ga. Akija, kesho hatua kumi. Akija, keshokutwa hatua hamsini. Halafu inafika siku ya kuivua kamba, na siku hiyo Driss mwenyewe, mtu aliyeona vita, alikuwa anatafuna masharubu. Lalla alipanda juu kabisa, akageuka, akashuka moja kwa moja hadi kwenye chambo, ule mfuko wa manyoya tunaouzungusha kwenye kamba. Mimi nililia. Driss alisema nina machozi ya bure.

Sasa sikilizeni sehemu ya mizani, maana ndiyo kazi yenyewe. Driss alinikalisha chini.

"Batu banafikiri kipanga iko nakupenda," alisema. "Hapana. Iko narudi juu ya nyama. Ikishiba, iko nasahau jina yako, iko naenda. Unapima kila asubuhi, mbele ya kula. Six cents, inaruka. Ikipita six cent trente, inabaki nyumba. Ikishuka sana, weye ni mutu mubaya, unaitesa. Unaelewa?"

Nilielewa. Gramu mia sita, na mwisho mia sita na thelathini. Mizani yake ilivunjika njiani kutoka uwanja mkubwa wa ndege wa mjini, kwa hiyo tukatafuta ya wanunuzi wa dhahabu. Mchimbaji akisikia gramu mia sita anaanza kutoa jasho. Mimi niliziandika daftarini kila siku ya Mungu na sikupata hata jino la dhahabu. Driss aliniambia pia kwamba atanisamehe mambo mengi, hata kumpoteza kipanga, lakini hatanisamehe kumlisha kabla ya kumpima, wala kuandika uzito ambao sikuuona kwa macho yangu.

Kazi ilienda vizuri, ndiyo maana hakuna mkubwa aliyetutembelea. Robo saa kabla ya ndege kufika tulimrusha Lalla, mwewe wakaona kivuli chake, wakahama na kelele zao za kulalamika. Hakuhitaji kumkamata hata mmoja. Kisha chambo, filimbi, Lalla mkononi, ndege inatua. Mapiloti walimwita "kuku wa Mmoroko". Walimwita hivyo wakiwa salama chini, wakinywa chai yangu.

Mtu aliyetufuatilia kweli alikuwa mlinzi wa mlangoni, Papa Jérôme. Alikuwa mkulima wa Djugu, mwenye maharagwe na mahindi na ng'ombe wachache, hadi fujo zilipomfukuza na familia yake. Wakati ule walikuwa wanalala kwenye hema pembeni ya mji. Kila asubuhi aliegemea dirisha akitutazama tukipima.

"Kila siku muko napima njaa yake," alisema.

"Iko kazi, Papa."

"Kwetu mutu akienda shamba anakula kwanza. Hata ng'ombe ya kulima inakula kwanza. Ile macho yake, Mama Georgine, miye naijua. Iko macho ya njaa."

Nilicheka. Nikamweleza habari za gramu kama mtaalamu, na mikono nikiichezesha vile Driss alivyokuwa anaichezesha. Lakini maneno yaliniingia. Mimi ni mama wa Ituri. Sijawahi kumtoa mtu nyumbani kwangu kwenda kazini bila kitu tumboni, na hapa nilikuwa nafanya hivyo kila siku kwa mwenzangu wa kazi, halafu naandika.

Ikaja Bonane, sikukuu ya mwaka mpya. Nilichinja jogoo, tukala, majirani wakala, paka wa majirani akala. Kesho yake, tarehe mbili, nilikuwa wa zamu, na hakuna ndege iliyopangwa. Driss alikuwa kwake na malaria, amewekewa maji ya mshipa, anaongea na ukuta. Nilipotoka nyumbani niliona maini, moyo na shingo ya yule jogoo bado viko kwenye bakuli. Nikafikiri: kila mtu Bunia amekula Bonane isipokuwa Lalla. Nikavifunga kwenye jani la ndizi. Ndiyo, mimi. Mwenye daftari.

Lalla alikula vyote. Alikula na macho akiyafumba kidogo, na Papa Jérôme dirishani alipiga makofi.

"Leo umekuwa mutu, Mama."

Nilijisikia mtakatifu kwa muda wa dakika ishirini hivi. Halafu redio ya biro ikalia. Piloti wetu alikuwa anatoka Aveba na mwanamke ambaye mtoto amekwama tumboni tangu jana. Barabara haikupitika kwa sababu ya watu wenye silaha, ng'ambo ya kijito walikuwa wamechinja ng'ombe wa sikukuu wengi kuliko kawaida, na mwewe walikuwa wametanda. Dakika thelathini.

Nikamweka Lalla kwenye mizani. Mia sita na sabini.

Nikampigia Driss. Sauti yake ilikuwa mbali, lakini akili ilikuwepo.

"Kilo yake?" Alisema kilo kila mara, hata kwa gramu.

Wale wanaume watatu, wa kanisa, wa mgongo na wa bibi, walikuwa wamesimama mlangoni wakinisikiliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumrusha peke yangu. Niliwaangalia, nikaiangalia mizani, nikasema:

"Six cents."

"Bon. Rusha. Ingekuwa mingi, ningesema acha, chukua mabati na Jérôme, mupige kelele kwa piste muzima. Lakini six cents, rusha."

Mnaona alivyokuwa mtu mwema. Alinipa na njia ya kutokea, bila kujua kwamba naihitaji. Ningesema tu, "Muzee, nimekosea, nimemulisha." Maneno matatu. Mabati yalikuwa yameegemea ukuta, nyuma yangu. Badala yake nilichukua kalamu nikaandika 600, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikatoka na ga langu mbele ya watu.

Lalla aliruka kutoka mkononi bila haraka. Akaenda hadi kwenye mlingoti wa kitambaa cha upepo, akakaa, akaanza kupanga manyoya. Mwewe wakamwangalia, wakaendelea na shughuli zao. Nilipiga filimbi. Nilizungusha chambo hadi bega likauma. Alinitazama kama mgeni unayemwambia ongeza kidogo naye amekwisha kunawa. Kisha akainuka, akapata upepo, akaelekea mashariki, kule ardhi inakoshuka kwenda ziwani. Kengele yake niliisikia kidogo. Sikuisikia tena.

Tulikimbilia mabati mimi na Papa Jérôme, tukapiga, tukapiga kelele, nilivua kitenge changu nikakipeperusha. Ndege ilikuwa tayari inashuka. Mwewe mmoja aliingia kwenye kioo. Niliona ndege ikiyumba, ikagusa chini, ikatoka kwenye piste, ikasimama kwenye majani ikiwa imeinama upande mmoja. Piloti alishuka na damu usoni akitukana kwa lugha tatu. Walimshona juu ya jicho, na kovu lile bado analionyesha kwa wasichana. Yule mama alichukuliwa na gari hadi hospitali, akajifungua salama, na mtoto wakamwita Miracle, maana hapa kwetu kosa la mtu likikosa kuua linaitwa hivyo.

Wiki moja baadaye kikafanyika kikao. Shefu wa wakati ule aliweka daftari mezani, akalifungua tarehe mbili, akaweka kidole kwenye namba yangu.

"Uzito ulikuwa sawa?"

Driss alikuwa amekonda kwa malaria, koti linamning'inia. Aliisoma ile namba. Hakunitazama, kwa sababu hakuwa na shaka nami.

"Uzito iko sawa," alisema. "Kipanga ya six cents yenye haitaki kurudi, haiko kosa ya kipanga. Haiko kosa ya Georgine. Mukono yenye iliifundisha ndiyo mubaya. Mukono yangu."

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, vyote vizima. Nilinywa chai, na safari hii ilichemshwa na mtu mwingine.

Hawakumfukuza. Aliondoka mwenyewe baada ya majuma mawili, na mlangoni alinivalisha ga lake.

"Weye bado uko na mukono," aliniambia. "Miye yangu imekwisha."

Nikapewa nafasi yake, na heshima. Baadaye mahali pa kuchinjia pakahamishwa, na mwewe wakapungua nusu katika wiki moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini hatukuanza na hilo. Nililea vipanga watatu baada ya Lalla, na mengine mnayajua: msiwavalishe kikofia kilicholowa, msipige filimbi kama hamna nyama mkononi, maana kipanga anadanganyika mara moja tu, na yule korongo mwenye kipara anayesimama katikati ya piste kama mwenye nyumba, mfukuzeni kwa pikipiki, kipanga msimsumbue naye. Mnajua pia nilivyokuwa mkali kwenye mizani. Mmoja wenu nilimtoa nje kwa kuandika 605 ilipokuwa 610. Mlisema Mama Georgine ana roho ngumu. Mlikuwa mnamwona mtu anayelipiza kosa lake juu ya vichwa vyenu, na poleni kwa hilo.

Siku ya keki, shefu mpya alisimama akasema: "Daftari zake hazijawahi kuwa na namba ya uongo." Mkapiga makofi. Nikainama kama bibi harusi. Miaka kumi na minne, na bado nilikuwa nanyamaza vizuri sana.

Nilifika nyumbani, nikaweka saa ya ukutani kitandani, nikampigia fundi wa redio aliyekuwa na namba ya Driss. Asubuhi yake nikapiga Moroko. Alipokea mwenyewe. Sauti imezeeka, lakini alinitambua kabla sijataja jina.

"Mama ya fagio!" Alifurahi. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Nikamwambia. Sikuzunguka. Jogoo, maini, jani la ndizi, mizani, simu, kalamu.

Nilisikia watoto wakicheza huko kwao.

"Ilikuwa ngapi, ya kweli?"

"Six cent soixante-dix, Muzee." Ile mia sita na sabini, kwa mara ya kwanza kinywani mwangu.

"Soixante-dix," alirudia. "Soixante-dix. Alikuwa ameshiba tu." Akavuta pumzi. "Basi mukono yangu ilikuwa muzima."

"Ilikuwa muzima. Miye ndiye."

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nimekaa chini kabisa, nimefunga mlango ili majirani wasisikie. Muzee Driss hakunitukana. Alisema polepole, kama anayejieleza mwenyewe:

"Mwaka iliyopita mutoto ya kaka yangu aliniletea kipanga moja. Mudogo, muzuri sana. Alisema, baba, unifundishie. Nilimwambia aiondoshe, mukono yangu imekufa. Alilia. Nilimufukuza." Kisha akasema: "Nilikuwa naogopa kuigusa, Georgine."

Akakata simu.